Kisosi Hakikukauka

Korogwe ya Zamani, Jumapili asubuhi

Babu Mhina,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Arobaini yako imepita. Bibi ameanza kula kidogo. Lile bomba la shaba la kukingia mvuke, ulilolikunja ukalitundika ukutani, lilibaki pale pale, na kila nilipopita uani niliangalia chini. Ulistahili kuijua sababu ukiwa hai. Sikusema.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipika mashina ya mkonge kutoka Mazinde, tunayaponda, tunayaacha yachachuke kwenye pipa, kisha tunakinga mvuke wake mara mbili tupate spiriti ya taa za maabara za ile shule ya Handeni? Macho yako yalikuwa yameshaingia ukungu. Kazi yangu ilikuwa kuwasha matone kwenye kisosi. "Kimekauka, mwandishi?" ulikuwa ukiniuliza, ukiniita hivyo kwa sababu ya daftari langu. Kikikauka, tunaendelea kukinga. Moto ukizimika na maji yakabaki, tunaacha. Yanayofuata yanarudishwa kupikwa pamoja na pipa lijalo. Ungeweza kukigusa mwenyewe kwa kidole. Hukukigusa hata mara moja.

Shule waliomba chupa kumi. Shajara yangu ya Jumatano ile inasema: "Chupa ya saba imejaa. Maji yamebaki. Nimesema kimekauka." Ya nane, hivyo hivyo. Mpaka ya kumi. Kisha nikazichanganya zote kwenye dumu moja zisitofautiane. Ukanishika kichwa ukasema tangu ustaafu kazi ya maabara hujawahi kupata kumi kwa pipa moja. Nilifurahi, Babu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifurahi. Nikarudia kwa mapipa mawili mengine.

Halafu mwalimu wa maabara akapiga simu, sauti yake tukaisikia wote: "Mzee wangu, spiriti yako siku hizi inatema mate tu, haiwaki! Watoto wananicheka." Ukacheka naye. Ulipokata simu ukavinyoosha vidole vyako mbele ya uso, ukavitazama kwa muda.

"Mkono umezeeka, Zahara."

Nilikuwa nimekishika kile kisosi. Nikasema, "Pole, Babu."

Pole! Siku ile ile ukalikunja bomba. Uliniambia niendelee na daftari langu, maana daftari halichemki wala haliharibiki. Mara ngapi nimekaa kando ya kitanda chako, nimefungua ukurasa wa Jumatano ile, nikaufunga. Umekufa ukiamini ni mkono wako.

Alhamisi nilipanda basi hadi Handeni. Nilimsomea mwalimu kurasa zote, nimesimama, kama mwanafunzi. Akasema, "Na mzee wa watu alinipigia kuniomba radhi."

Sikujua kama ulimwomba radhi. Hilo nalo nimeliandika.

Jana nililishusha bomba, nikapika pipa nililokuwa nimelichachusha tangu wiki iliyopita. Kikombe cha kwanza nilikimwaga kwa kuwa kina sumu, kama ulivyonifundisha, kisha nikawasha kisosi kwa kila chupa. Ilipofika zamu ya saba, maji yalibaki, nikaacha. Mwalimu atapata sita tu, na nimeshamwambia ni sita kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unapika wewe.

Sitasema tena kimekauka kwa kukitazama tu. Nitakuwa ninakigusa.

Pumzika, Babu. Leo asubuhi nimewasha tone moja la mwisho, kwa ajili yako. Nimeweka kidole.

Kimekauka.

Zahara