Ndiva ya Chumba Chetu

Baba Namkunda, mume wangu,

Bado niko hapahapa Lembeni ulikoniacha. Mkonge haukatwi tena, na katika vyumba vya kambi ya wakata mkonge sasa wanauza mitumba. Sukari haina foleni siku hizi, sabuni ipo ya kila rangi. Shida ni cha kununulia. Lakini sijambo. Kweli, sijambo.

Mjukuu wetu Nanzia anaolewa Jumamosi. Jana Namkunda alimleta nimfunde, maana mama hasemi mambo hayo na bintiye; bibi ndiye husema. Mlangoni akaninong'oneza, "Mwambie avumilie tu," akaenda zake jikoni.

Nanzia alikuja na gazeti, moja la haya yaliyozuka tangu mambo yawe ruksa. "Bibi, wameandika eti mwanamke naye hufika kileleni. Kweli, au wanatafuta wateja?"

Nilicheka hadi kilemba kikanivuka. Unanijua na maneno. Nikamwambia kilele ni ncha ya mti au ya mlima, na maana hiyo ya gazetini haimo katika kamusi yetu kuukuu. Wanaume wa kambini walisema bao, kana kwamba kuna timu imefungwa. Hili la gazeti ni afadhali, ila aliyelitunga nadhani hakuzaliwa milimani kwetu Gonja. Kileleni kwetu ni ukungu na baridi. Mtu hufika akageuka upesi.

Ndipo nikampa neno letu. Hajawahi kuona ndiva, maskini, kazaliwa huku tambarare. Nikamweleza lile bwawa la udongo juu ya mashamba: maji ya kijito hujikusanya polepole usiku kucha, hayaharakishwi na mtu, hadi asubuhi kizibo kinapotolewa na mfereji mzima kushtuka. Nikamwambia ulivyoninong'oneza, mwaka wetu wa kwanza kambini, "Ndiva imejaa?" nami nikajibu, "Bado. Zamu yako ya maji haijafika." Ulicheka mpaka yule jirani wa Singida akagonga ukuta. Kisha ukangoja. Miaka yote, uliuliza na ukangoja.

"Na huyu wangu asipouliza?"

"Utamwambia wewe. Si utovu wa adabu."

Namkunda akarudi na chai. "Umemwambia avumilie?"

"Nimemwambia asivumilie."

Akaweka birika chini, na badala ya kuondoka akaketi mkekani, uso kautazamisha ukutani. Ndipo nikakumbuka: alipoolewa yeye, bibi zake wote walikuwa milimani, na nauli hatukuwa nayo. Hakuna aliyemfunda. Na mimi ni mama yake, siruhusiwi.

Basi nikamgeukia Nanzia, nikamshika mkono, nikaanza tena mwanzo hadi mwisho, kwa sauti kubwa kidogo. Nanzia akaelewa, akaniuliza maswali ambayo hayakuwa yake. Chai ikapoa.

Pumzika kwa amani, mpenzi wangu. Nikijaliwa kumwona kitukuu wa kike, hatatoka nyumba hii bila kuambiwa. Na mama yake, na bibi yake, nitawaacha waketi karibu.

Mkeo,
Mama Namkunda