Maneno Mawili Yaliyokatwa

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika kama kawaida yake. Nakuandikia barua kwa sababu simu nimeizima. Tangu juzi inamwaga matusi ya watu nisiowajua.

Uliiona taarifa ya habari ya kituo chenu? Mwandishi wenu alikuja hapa kwenye cherehani, akaniuliza kama nitawashonea wapinzani sare za kampeni. Nikamjibu, futi ikiwa shingoni: “Siwezi kusema siwashonei wapinzani. Kila mwenye mabega nampima.” Kwenye televisheni nimetokea nikisema: “Siwashonei wapinzani.” Basi. Mdomo wangu, sauti yangu, maneno si yangu.

Mke wa mwalimu, rafiki yangu wa miaka ishirini, kaja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Unajua mumewe ni mpinzani. Hata kukaa hakukaa. “Ningehadithiwa nisingeamini,” kasema, “lakini nimekuona kwa macho yangu.”

Wewe ndiye unayeunganisha picha huko. Nitafutie rekodi nzima.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mimi sijambo, ila uchaguzi huu umetubana, hata kula tunakula tumesimama.

Mama, mambo ya habari yanapita. Wiki ijayo watu watakuwa na lingine la kuzungumza. Nakuomba ukae kimya, usimjibu mtu. Mkurugenzi anataka taarifa za kuwachemsha watu. Anasema watazamaji wakitulia, wanahama kituo. Hiyo rekodi nitaangalia kama bado ipo.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika. Eti “nitaangalia kama ipo”! Nimekuzaa mimi, ukianza kuzungukazunguka nakujua.

Jana kaja katibu wa chama tawala, tabasamu mpaka masikioni. “Mama, umetusemea! Tunakuletea oda ya fulana mia mbili.”

Nikamwambia, “Unanizawadia kwa neno ambalo sikulisema.”

“Ulisema, hukusema, limetusaidia.”

Nikamkunjia sampuli yake, nikampa mkononi, nikamwonyesha mlango. Leo asubuhi nimekuta kioo cha dirisha kimevunjwa. Sijui ni upande gani, na siulizi. Nimeziba kwa boksi, na cherehani sijaihamisha, inatazama barabara vilevile. Unaniambia nikae kimya? Nimeshaambiwa hivyo na wengi. Sikutegemea na wewe umo.

Nijibu swali moja tu: ulijua?

Mama

6 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimeianza mara tano.

Nilijua. Niliiona kabla haijarushwa. Mwenzangu ndiye aliyekata. Mimi nilikuwa kiti cha jirani, nikajifanya natafuta waya. Niliogopa kupoteza kazi.

Rekodi ilikuwepo siku zote. Jana, taarifa ya saa saba mchana, zamu ilikuwa yangu. Nilifunga chumba cha mitambo kwa ndani nikairusha yote, tangu mwandishi anapouliza mpaka unapomfokea asikanyage kitambaa chako. Sekunde arobaini. Mkurugenzi alikuwa anapiga mlango ngumi: “Unatuua!” Nikamjibu, “Namwacha mama yangu amalize sentensi.”

Nilipofungua, walininyang'anya kitambulisho. Sasa wanataka niandike kwamba niliighushi rekodi. Nikikataa, wananishtaki. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Niambie kama bado una mtoto.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Unaendeleaje, na unakula? Mimi mzima, na dirisha limepata kioo kipya.

Tuliiona. Lakini usidhani mji umegeuka. Wapo wanaosema hiyo ya pili ndiyo ya uongo. Mtu akishanogewa na hasira hataki kunyang'anywa. Mke wa mwalimu karudi na kitambaa chake, akasema, “Nilikuona kwa macho, nikasahau kukuuliza kwa mdomo.” Kaniachia kitambaa. Mumewe hajanisalimu mpaka leo.

Jumatano kaja mtu wa kituo chenu, kafunga tai, kashika karatasi niweke saini kwamba kwenye rekodi yako si mimi ninayesema. Wateja walikuwa watatu, na vyama vyao si kimoja. Nikamwambia, “Nisomee, macho yangu mabovu.” Akasoma mstari wa kwanza. “Paza sauti.” Akasoma wa pili. Wateja wakaacha mazungumzo yao wakamkodolea macho. Wa tatu hakuumaliza. Alikunja karatasi, akatoka bila kuaga. Unajua natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Tulicheka wote wanne mpaka nikashika mgongo.

Hayo wanayokutaka uandike, usiandike. Wakushtaki! Nitakaa kiti cha mbele mahakamani, na suti yako nitaishona mimi.

Ila usijidanganye kwamba yamekwisha. Mwezi mzima ulinyamaza huku mimi natukanwa. Hasira kwenye karatasi hainogi. Panda basi uje, nikugombeze ana kwa ana.

Mama yako