Kadi Iliyojazwa kwa Macho

Jumanne, 5 Machi
Kliniki. Wiki ya thelathini na mbili. Nesi Tabasamu — jina nimempa mimi, meno nje saa zote — kanigusa tumbo kwa kiganja, kaandika kwenye kadi urefu wa tumbo: sentimita 32, sawasawa na wiki. Futi ya kupimia hakushika! Wiki ya thelathini aliandika 30. Kabla ya hapo, 28 kwa 28. Mimi fundi cherehani, mwaka wa tisa huu napima watu viuno. Namjua aliyepimwa na asiyepimwa.

Kanisifu eti mimba yangu nadhifu, haijaniharibu umbo. Nikacheka! Mjinga mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimejipima. Nimelala chali sakafuni dukani, futi kutoka mfupa wa kinena mpaka pale mfuko wa uzazi unapoishia, nilivyoona dada yangu akipimwa. 28. Nimerudia mara nne. 28.

Mume wangu anasema futi ya nguo si ya hospitali. Sentimita ni sentimita, bwana wee! Mama mkwe naye: mtoto mdogo huzaliwa kwa urahisi, nishukuru. Nimetoka chumbani nisije nikamvunjia heshima.

Ijumaa, 8 Machi
Hospitali kubwa. Nimekwenda peke yangu. Daktari — binti mdogo, mkavu, nimempenda — kapitisha kifaa cha ultrasaundi tumboni, muda mrefu. Kichwa cha mtoto sawa. Tumbo lake jembamba. Uzito ni wa wiki ya ishirini na nane. Kondo la nyuma halimlishi vizuri, damu inayopita kwenye kitovu haitoshi. Akaitazama kadi, akaniuliza nani alinipima.

Nikamwambia: hakuna.

Nimelia kwa hasira. Ya nesi ninayo, lakini yangu mwenyewe imezidi. Wiki nne nimeona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa kusifiwa umbo! Mficha uchi hazai.

Nimelazwa. Nachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Jumapili, 10 Machi
Mkanda wa mashine tumboni asubuhi na jioni, unasikiliza moyo wake. Na mimi nihesabu mateke: yafike kumi ndani ya saa mbili.

Mume wangu kaja na ujumbe. Nesi Tabasamu kasikia nimelazwa, kampigia simu, anaiomba kadi, eti namba ziwekwe sawa. Na yeye kakubali! Anasema tusigombane na watu, tutarudi pale kwa chanjo. Chanjo ya nani, huyu asipofika? Kadi nimeikalia. Iko chini ya makalio yangu hivi ninavyoandika. Aje aichukue mwenyewe, na meno yake.

Mama mkwe kaja naye. Kanikanda miguu mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Hasira yangu kwake imepungua. Kidogo.

Jumatatu, 11 Machi
Saa mbili asubuhi. Mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka mara mbili kwenye mashine. Daktari kasema nisile, nisinywe. Yakishuka tena, anamtoa leo leo. Kakimbia kutafuta mashine ya joto ya watoto njiti. Zote zina wenyewe.

Saa tatu. Mateke matatu.

Nesi wa zamu anataka niweke kalamu chini nipumzike. Nipumzike! Nikiacha, nani atahesabu?

Saa tatu na nusu. La nne!

Hapana. Ni njaa inanguruma.