Mama Amepimwa, Maharagwe Yako Jikoni

Janice na Muriuki,

Maharagwe yameiva, kaangeni tu. Nguo zote zimefuliwa, hata zile safi, kwa sababu tangu alfajiri sikuweza kukaa kitako.

Niliwaambia naenda kupimwa virusi vya Ukimwi kwa sababu Mzee Kinyua anataka tuoane. Ni kweli, lakini si yote. Tangu baba yenu afariki, miaka sita sasa, nimekuwa nikiogopa kuuliza aliugua nini.

Basi tumeenda kliniki. Mzee Kinyua, na mwili ule wote, alifumba macho kabla sindano haijatolewa! Mimi nilishika mkoba kama naondoka, mpaka dada mshauri wa pale akaniambia, "Mama, hebu nieleze unavyopika mukimo." Nikaeleza viazi, mahindi, majani ya malenge, na kabla sijafika kwenye kuponda, majibu yakawa tayari. Sina virusi. Mzee naye hana. Nililia palepale, yeye akaomba maji.

Nimepitia nyumbani kubadilisha viatu tu. ~~Nitarudi saa nane.~~ Nitarudi jioni, mimi na Mzee tunaenda Dunga, kule ziwani, kula samaki. Muriuki, anua nguo mvua ikitisha, na usimpigie mjomba wako simu kumsimulia. Nitamwambia mwenyewe.

Janice, asubuhi uliniuliza, "Mama, na umri huu unapimwa nini?" Iliniuma. Halafu nikakumbuka ulivyouliza ukiangalia chini. Kama nawe unaogopa, mwanangu, kesho sifungui duka. Twende wawili.

Mama yenu