Amina Kwenye Laini

Jumanne, Nyeri

Lakini ningechomoaje waya watu wakiomba?

Leo niliunganisha mkutano wa simu wa wafanyabiashara watatu wa mchele: mmoja Wang'uru, mmoja Kerugoya, na mwenyekiti wao hapa mjini. Sheria yetu maoperata ni kuchomoa waya wetu na kutoka kwenye laini sauti zikishasikika pande zote. Mwenyekiti akaanza na maombi. Nikainamisha kichwa, na mwishoni nikasema "Amina" kwa sauti.

Mwenyekiti akauliza: "Ni nani huyo?"

"Ni operata, mzee. Pole sana." Nilijua kazi imeenda.

"Haya, toka. Lakini tukimaliza, urudi utufungie na maombi."

Nilirudi, nikaomba, hata kazi yangu nikaitaja. Nilipofungua macho, msimamizi wetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui kesho ataniandikia barua gani, lakini kofia alikuwa ameivua.