Ndoo Isiyofunikwa

Jumatatu, 3 Juni 1991
Nimekinga ndoo ya maji, nimeiacha wazi jikoni. Tangu mvua ianze, maji ya mfereji hapa Kitale yananuka dawa kama wodi. Samaki watano wa tangini, wote hai. Tangi ni la mume wangu Wanjala. Tulimzika Bungoma wiki tatu zilizopita. Sijalia. Watu wameona.

Jumanne, 4 Juni
Ndoo bado inanuka. Mama Hansa wa duka la vitambaa ndiye aliyempa Wanjala samaki hawa, pamoja na masharti: maji yakae wazi siku nzima ili dawa inayoua samaki ipae, ikizidi siku mbili. Unuse kwanza. Ubadilishe robo tu. Nangoja kesho.
Mama mkwe amefika kutoka Bungoma. Anapanga jiko langu upya. Sina nguvu ya kukasirika.

Jumatano, 5 Juni
Nilitoka kufundisha shuleni saa kumi. Nikatoa robo ya maji ya tangi, nikayaweka kwenye karai la kumwagilia sukuma wiki. Nikamimina ya ndoo. Kila mara nanusa. Leo sikunusa.
Muda si muda samaki wote wako juu, midomo wazi. Kumbe mama alimwaga maji yangu akakinga mengine.
“Si ilikuwa wazi, mwanangu, inzi zinaingia? Nikakuwekea safi, nikafunika.”
Nilimpigia kelele. Mama mzazi wa marehemu. Alileta lile karai la maji ya zamani, akaliweka miguuni pangu. Nikawahamishia humo wawili. Watatu walikuwa wamekufa.

Alhamisi, 6 Juni
Wawili wako kwenye karai. Watatu nimewafukia kwenye sukuma. Tangi nimelimwaga. Nimekinga ndoo nyingine. Mama hajala. Mimi pia.

Ijumaa, 7 Juni
Mkoba wa mama uko mlangoni. Anarudi Bungoma. Nimemwomba msamaha.
“Huyo Wanjala alipenda kufuga tangu mdogo,” amesema. “Hata panzi, kwa kopo.”
Miaka tisa ya ndoa, sikujua habari ya panzi.
Ndoo bado inanuka. Nimemwambia maji yatakuwa tayari kesho. Amesema basi atangoja.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemkuta ameketi kando ya ndoo, anafukuza inzi kwa leso. Nimechota kikombe, nikanusa, nikampa naye anuse.
“Haina dawa,” amesema.
Tumerudisha maji ya karai kwenye tangi, samaki wakiwemo, tukaongeza ya ndoo kidogo kidogo. Mmoja amekula. Nimelia, halafu nimeosha kikombe. Mama amekinga ndoo nyingine. Hakuifunika.