Nguzo ya Katikati

Johannesburg, 24 Februari 1997

Mdogo wangu Mbonisi,

Hujambo? Mama anaendeleaje na kifua? Mimi mzima, isipokuwa goti. Daktari amesema wazi: kucheza basi. Nimelia mpaka nimechoka. Sasa nimeingia chuo, nasomea kuchora majengo. Usicheke. Nilipokuwa nawapangia ngoma, kazi yangu ilikuwa kujua mtu asimame wapi, apite wapi, uzito autue wapi. Hapa nafunzwa hayohayo, ila kwa kuta. Kikundi nakuachia wewe.

Dada yako,
Sithokozile

Njube, Bulawayo, 20 Machi 1997

Dada,

Hatujambo. Mama anakohoa lakini kwaya haachi. Nimecheka, nisikufiche! Wewe uliyekuwa ukitikisa ukumbi mzima, leo na rula? Wenzetu wanasema unaringa.

Mashindano yatafanyika hapahapa ukumbini, na tutacheza ngoma yako ya mavuno. Ile nguzo ya katikati ilitubana, tumeibomoa. Sasa mistari yako inaenea vizuri. Ungeona ungefurahi.

Mdogo wako,
Mbonisi

Johannesburg, 2 Aprili 1997

Mbonisi,

Salamu baadaye. Tokeni humo! Nguzo hiyo ndiyo iliyobeba paa. Mwambie msimamizi afunge ukumbi, aweke magogo ya kushikilia. Ngoma chezeni nje, vumbini. Nakuomba sana, mdogo wangu.

Dada yako

Njube, 6 Mei 1997

Dada,

Salamu nyingi. Barua yako nilimsomea msimamizi. Akauliza, "Huyu si yule mcheza ngoma? Ufundi kaanza lini?" Watu wakaangua kicheko. Nikasema mimi sichezi humo, wakanifukuza kikundini. Walicheza, watu wamejaa mpaka madirishani, wakashinda. Paa halikutikisika. Sasa nikipita wanajishika vichwa: "Mbonisi, linaanguka!" Hata Mama anasema nimejiaibisha bure.

Dada, una hakika?

Mdogo wako

Johannesburg, 19 Mei 1997

Mdogo wangu,

Pole kwa kuchekwa. Nina hakika. Nilimchorea mwalimu wangu ukumbi wetu, akauliza kama kuna watu wanaingia. Zile mbao kuukuu zikilowa zitakuwa nzito. Mvua zikianza, Mama asikanyage humo. Akikasirika, akasirike. Nakuja Desemba.

Dada yako

Njube, 26 Novemba 1997

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Mvua ilinyesha tangu Jumapili. Jana mchana kwaya ilikuwa na mazoezi humo ukumbini. Nilimshika Mama mkono mlangoni. Akauchomoa, akasema, "Nimekuzaa mimi, Mbonisi, usinitishe kwa maneno ya dada yako." Nikamwacha aingie, maana watu walikuwa wanatazama. Sikuwa nimefika hata barabarani nikausikia mshindo.

Tumefukua kwa mikono mpaka giza. Mama tulimpata kati ya wa mwisho. Wale walionifukuza walikuwa kando yangu, wanafukua.

Msimamizi amekuja msibani. Kauliza kama utakubali kutuchorea ukumbi mpya. Njoo umjibu mwenyewe.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo. Mazishi ni Jumapili. Wazee wamesema tusichelewe, mimi nimesema hatufukii mpaka ufike.

Mbonisi